Tiba Asili na Dawa za Hospitali: Tatizo Ni Tunachoficha

Ukitoka tu getini, kwenye nguzo ya umeme kuna karatasi imebandikwa: UTI sugu, kisukari, presha, nguvu za kiume, mvuto wa biashara. Namba ya simu ni moja kwa shida zote hizo. Mchana tunaicheka, usiku mtu anapiga. Hosteli nyingi hazikosi chupa mbili tatu chini ya vitanda, na wenye chupa hizo ndio hao hao wanaochukua vidonge dirishani kwa kadi ya bima. Makala hii ni kwa ajili yao, na mimi nikiwemo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inagusa mambo mawili. Tiba asili ni ile tuliyorithi kwa wazee: mizizi, majani, magome, kukandwa. Tiba mbadala ni njia nyingine zilizo nje ya hospitali za kawaida, kwa mfano sindano za Kichina au homeopathi. Ila neno "mbadala" linatupotosha kidogo. Kubadili ni kuacha kimoja ushike kingine, na watu wengi hawaachi: wanameza kidonge asubuhi na kunywa mizizi jioni. Hapo tiba imekuwa ya nyongeza. Na nyongeza ina mambo yake.

Bibi yangu anaishi upande wa Kiwira, wilayani Rungwe. Ana kisukari, anatumia vidonge vya glibenklamidi. Mwaka jana nilikuwa BTP huko huko, nikawa nalala kwake. Asubuhi moja nikamkuta jikoni anatetemeka, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Tukuyu, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, hadi kituo cha afya.

Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamtundikia dripu ya glukosi, akazinduka. Nesi kijana akauliza, kwa sauti ya kukaripia, "Bibi, umekunywa madawa ya kienyeji?" Bibi akajibu, "Hapana, mwanangu." Akaulizwa tena, akakataa tena.

Baadaye akaingia nesi mwingine, mama mtu mzima. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsalimia kwa Kinyakyusa, akauliza habari za nyumbani, za migomba, za wajukuu. Kisha akasema kwamba hata yeye ana mizizi anayochemsha, je, bibi anatumia ipi? Dakika mbili tu, habari yote ikatoka. Bibi alikuwa amenunua gulioni unga wa mlonge uliochanganywa na uwatu, anakoroga kwenye uji wiki nzima. Siku ile aliunywa kwa maji matupu, akameza na kidonge, hajala kitu.

Sasa ilikuwaje? Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, na insulini hushusha sukari. Uwatu na mlonge navyo vinaweza kushusha sukari. Vikikutana tumboni bila chakula, sukari inaporomoka, na ubongo ndio wa kwanza kuumia. Dripu ilimwokoa siku ile, lakini kama kisa kisingejulikana, angerudi nyumbani akakoroga uji ule ule kesho yake.

Nilipomuuliza bibi kwa nini alikataa mara mbili, alisema aliwahi kutoa ukweli kwenye zahanati moja, akasemwa mbele ya foleni nzima. Tangu hapo akaamua kunyamaza.

Mimi nasomea ualimu, na jambo hili nalijua darasani. Ukiuliza kwa ukali "Nani hajaelewa?" hakuna mkono utakaonyooka. Si kwamba wote wameelewa. Wodini ni vivyo hivyo, ila huku kosa halipati alama sifuri, linaua.

Sisemi dawa za asili hazina maana. Dawa mseto ya malaria tunayoimeza imetokana na mmea wa Kichina, artemisia. Tu Youyou, aliyechambua kiini chake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa kwetu, Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974. Lakini hao wote walipima: kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi. Unga wa gulioni hauna kipimo, na "ya asili" haimaanishi "haina madhara".

Tukumbuke pia kikombe cha Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, jina ambalo mtu wa Rungwe akilisikia anajua ni la kwetu, aliwapa watu kikombe kwa shilingi 500 kijijini Samunge. Vipimo vya serikali vilionyesha kikombe kile hakikuwa na sumu. Lakini kukosa sumu si kuponya. Walioumia zaidi ni wale walioacha dozi zao za kila siku au kutolewa wodini ili wakapange foleni.

Kwa hiyo kuna mambo ya kutenganisha. Kukandwa mgongo wakati wa uchungu, sala, au asali kwa kikohozi (si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja) ni nyongeza isiyogombana na hospitali. Dawa za kuongeza uchungu ni habari nyingine: zinaweza kubana kizazi kupita kiasi hadi kikapasuka, hasa mama akija kuongezewa dripu ya uchungu na wahudumu hawajui. Kung'oa "meno ya plastiki" ya mtoto mwenye homa ni kumjeruhi na kumchelewesha. Hayo hayana mjadala.

Kwetu sisi wanachuo, ushauri wangu ni mfupi. Ukienda kutibiwa, taja kila unachokunywa, hata kama ni chai ya mizizi ya rafiki. Ukishindwa kulitaja jina, beba chupa yenyewe. Ukitaka mganga, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kama dawa yake imesajiliwa. Anayekuambia uache vidonge vya hospitali, mkimbie. Na nyinyi mnaosomea uuguzi na udaktari, mkifika wodini msiulize "umekunywa madawa ya kienyeji?" Ulizeni, "Nyumbani mnatumia nini?" Halafu subirini jibu.

Bibi sasa hatumii tena ule unga. Mizizi mingine bado anayo, simdanganyi mtu. Ila kila akienda kliniki, anaitia kwenye kikapu pamoja na kadi yake, na yule mama nesi akimaliza kuikagua, bibi humwambia "ndaga fijo" na kurudi zake nyumbani.