Unauza gari la zamani? Angalia salio kabla ya kutoa ufunguo

Gari likikimbia miaka kati ya Lodwar na Kakuma, vumbi huingia kila mahali. Kabla ya kuita wanunuzi, badilisha oili na chujio la hewa, osha mchanga chini ya gari, na weka risiti za fundi pamoja. Hizo ndizo zitakulinda bei ikianza kuvutwa chini.

Sasa pesa. Muamala mmoja kwa simu hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Bei ikipita hapo, malizieni benki. Mnunuzi akikuonyesha SMS ya malipo, tulia kwanza: SMS hutungwa. Angalia salio lako mwenyewe. Andikeni mkataba pia, asije kesho akadai alikosea namba.

Kisha kaeni pamoja saiba: wewe uanzishe kuhamisha umiliki kwenye eCitizen, yeye akubali kwa akaunti yake. Ada hulipwa Paybill 222222, si kwa namba ya mtu. Gari likibaki kwa jina lako na ligonge mtu njiani, wewe ndiye utatafutwa.

Na kumbuka, sisi hatuulizi PIN yako. Kamwe.