Fahamu: Marudio ni nini, na kwa nini yanagombewa?

Marudio ni mchanga unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa kwenye karasha na kuoshwa. Geita na Kahama utayaona yamerundikwa kando ya mialo ya kuoshea dhahabu, ya kijivu, laini kama unga.

Kwa nini hayatupwi?
Zebaki wanayotumia wachimbaji hunasa chembe kubwa za dhahabu. Dhahabu iliyo laini hubaki mchangani. Mara nyingi marudio huchukuliwa na mwenye karasha, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mchimbaji mdogo anapopunjika.

Huchenjuliwaje?
Hujazwa kwenye matangi ya saruji, yakamwagiwa maji yenye sayanaidi kwa siku kadhaa. Sayanaidi huyeyusha dhahabu, kisha maji hupitishwa kwenye kaboni, punje nyeusi za mkaa maalumu ambao mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi. Dhahabu hung'ang'ania humo hadi itolewe kwenye mtambo mwingine.

Hatari iko wapi?
Marudio mengi yana mabaki ya zebaki. Ikikutana na sayanaidi, zebaki huyeyuka na kusafiri na maji hadi mtoni na visimani. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka nchi zichukue hatua za kukomesha kuchenjua kwa sayanaidi marudio ambayo hayajaondolewa zebaki kwanza.