Tusikijenge Kiingereza juu ya ukimya wa mtoto

Mwulize mtoto wa Gredi ya 4 mjini Voi, kwa Kiswahili, kwa nini kule milimani Wundanyi kuna migomba na mboga tele ilhali hapa Voi mahindi hukauka kabla ya kuzaa. Hatakosa la kusema. Ameuona ukungu ukikifunika kilele cha Vuria. Yamkini nyanya yake anaishi huko juu. Atakueleza, kwa maneno yake, kwamba upepo kutoka baharini hupanda mlima, hupata baridi, na mawingu yakamwaga maji. Sasa mwulize swali lilo hilo kwa Kiingereza. Atainamisha kichwa, na mwalimu atapita kwa mwingine. Daftarini ataandikiwa kwamba hajui sayansi.

Je, kweli hajui? Swali hili hatuna budi kujiuliza sisi walimu, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu, kabla ya kumwita mtoto yeyote mzito wa kuelewa.

Sera ya elimu nchini si ya kulaumiwa sana. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe kufundishia katika miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha Kiingereza kishike zamu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 haukuuondoa utaratibu huo. Katika vijiji vya Mbale au Wusi, lugha ya eneo ni Kidawida. Huko Taveta, Kitaveta kina wenyewe. Voi, mji uliokusanya watu wa kila kabila tangu reli ilipofika mwishoni mwa karne ya 19, lugha ya eneo ni Kiswahili.

Kasoro imo katika utekelezaji. Shule nyingine huruka moja kwa moja hadi Kiingereza tangu chekechea, kwa kuwa wazazi hupima ubora wa shule kwa idadi ya maneno ya Kiingereza anayorudi nayo mtoto nyumbani. Nyingine hufuata sera hadi Gredi ya 3, kisha, kati ya likizo ya Desemba na ufunguzi wa Januari, mtoto huvushwa mto pasipo daraja. Mwaka jana Kiingereza kilikuwa somo moja miongoni mwa masomo. Mwaka huu ndicho mlango wa hisabati, sayansi na kilimo. Aliyekosa ufunguo hubaki nje ya vyumba vyote.

Isimu hutufundisha kwamba makosa ya mwanafunzi yana mantiki. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, Kiingereza huwatenganisha. Kiswahili hutosheka na "mkono" kutoka begani hadi vidoleni. Kiingereza huugawa mara mbili. Mtoto anayechanganya hapo si mjinga: anatumia kanuni za lugha aijuayo ili kuifikia asiyoijua. Mwalimu anayeitambua njia hiyo atamwelekeza. Anayemcheka humfunza jambo moja tu, kwamba kunyamaza ni salama kuliko kujaribu.

Na tuna historia ndefu ya kuwanyamazisha watoto. Katika kitabu Decolonising the Mind cha mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao. Mkoloni aliondoka, lakini kibao hakikuondoka naye. Vizazi vilivyosoma baada ya uhuru vinakikumbuka pia.

Mzazi ataniuliza: "Mwalimu, wataka wanetu wasijue Kiingereza?" La, hasha! Tangu mwaka 2022 mwanafunzi wa Gredi ya 6 hufanya mtihani wa KPSEA, na hisabati na sayansi huzijibu kwa Kiingereza. Kumnyima lugha hiyo ni kumdhulumu. Hoja yangu ni kuhusu njia, wala si mwisho wa safari. Tazama jirani zetu wa Tanzania: katika shule zao za msingi za umma watoto husomeshwa kwa Kiswahili, kisha Kidato cha 1 huwakabidhi Kiingereza ghafla, na walimu wao wanakijua vyema kimya ninachokisema. Basi umri wa kuvuka pekee hautoshi kumwokoa mtoto. La muhimu zaidi ni daraja.

Daraja hilo halihitaji fedha nyingi. Kabla ya somo la sayansi, mwalimu na ateue maneno manane au kumi ya Kiingereza yatakayohitajika, ayafundishe kwa vitu na vitendo, ayaache ubaoni hadi mwisho. Awaruhusu wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili au Kidawida, kisha watoe jibu kwa Kiingereza, wakianza na sentensi aliyowaandalia nusu. Anaposahihisha, atenganishe alama ya kuelewa na alama ya lugha. Na muhula wa mwisho wa Gredi ya 3 uwe wa kuzoea: leo dakika kumi za hisabati kwa Kiingereza, wiki ijayo kumi na tano.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wake, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea. Hadithi za wazee wa Sagalla na Kasighau zikiandikwa katika vijitabu vyepesi, kwa lugha ya eneo upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, mtoto atajifunza kusoma kwa kile anachokielewa. Ujuzi wa kusoma, ukishapatikana katika lugha moja, huhamia nyingine.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto wa Voi anakuja shuleni na mbacha wake: lugha anayofikiria kwayo. Tukimpokonya, hatutampa Kiingereza. Tutampa ukimya, na miaka baadaye tutamlaumu kwa kuwa bubu katika lugha mbili. Mwalimu mwenzangu, kesho mtoto akikujibu sahihi kwa lugha usiyomwuliza kwayo, mwambie kwanza kwamba amepata. Kisha mfunze namna ya kulisema jibu lake kwa Kiingereza.