Chakula cha Mbwa wa Shamba: Tazama Kilichomo



Leo hatutasema habari za ufuta wala korosho. Tutasema habari za mbwa. Najua wako watakaocheka. Lakini mkulima wa Kilwa au wa Lindi aliyewahi kulala dunguni mwezi wa Aprili, mahindi yakianza kubeba, huyo hacheki. Anajua kwamba nguruwe wakiingia usiku wanaweza kufukua muhogo wa kulisha nyumba miezi mingi, na kukicha wanapokezana zamu na ngedere na nyani. Mwenye mbwa mwenye nguvu hupata nusu usingizi. Asiye na mbwa hata hiyo nusu haipati.

Mbwa wengi wa pwani yetu makao yao ni shambani, na chombo chao cha kulia ni chao peke yao, kama desturi na dini zitakavyo. Hilo ni jema. Tabu iko katika kile kinachotiwa ndani ya chombo hicho.

Masika moja yalipokuwa yanamalizika nilipita kwa mzee mmoja upande wa Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya Lindi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umenikuta na msiba mdogo.”

“Msiba wa nani tena, mzee?”

“Mbwa wangu wawili wamekufa ndani ya juma moja. Jirani wanasema nimetegewa sumu. Lakini mimi sina adui hapa.”

Nikamwuliza walikufaje. Akasema kwanza walikataa kula, wakatapika, wakawa wamelala tu. Macho na fizi zikageuka manjano, na choo kikawa cheusi kama masizi. Nikaomba kuona chakula chao. Akaniletea gunia la pumba za mahindi. Paa la ghala lilikuwa limevuja juu yake, na upande mmoja pumba zilishikamana mabonge yenye rangi ya kijani.

“Hizi kuku sikuwapa,” akasema mzee, “nilihofu watakufa. Nikasema mbwa hana neno, tumbo lake chuma.”

Ndugu zangu, sikuwa na maabara mfukoni, lakini dalili zile na gunia lile vilitosha kunifanya nimwambie mzee aache kumtafuta adui. Ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga, mtama, mashudu na pumba huweza kutoa sumu ambayo wataalamu huiita sumukuvu. Sumu hii hula ini. Haionekani kwa macho, haina ladha, na wala kuchemsha hakuiondoi. Ukipika ugali wa pumba hizo saa nzima, umepika sumu ya moto.

Wala mbwa hana tumbo la chuma. Kwa sumukuvu mbwa ni miongoni mwa wanyama wepesi kudhurika. Nchini Kenya, mwaka 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa kwa chakula kilichowekwa vibaya. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula kikavu cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Na msidhani ni mambo ya mbwa tu. Mwaka 2016, hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Kwa hiyo gunia lililooza lisipewe kuku, wala mbwa, wala mtu. Lifukiwe.

Basi tuanzie hapo. Chakula kikavu cha mbwa, uwe umekichanganya mwenyewe au umekinunua dukani, ubora wake ni mambo mawili: kilichomo ndani, na ukavu wake. Rangi ya mfuko na picha ya mbwa mnene iliyochorwa juu yake havimshibishi mnyama.

Tutazame kilichomo. Mbwa, kama sisi, anahitaji chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Cha kutia nguvu kwetu hakina shida: mahindi, mtama, makopa. Lakini wengi wetu tunaishia hapo. Mbwa anapewa ukoko wa ugali wa muhogo asubuhi na jioni, kisha tunashangaa mbavu zinahesabika na manyoya yanapukutika. Makopa ya muhogo yana protini asilimia 2 au 3 tu. Mahindi na mtama zina kama asilimia 9 au 10. Mbwa mzima anahitaji zaidi ya hapo. Viwango vinavyotumika Marekani vinasema chakula cha mbwa mzima, maji yakishatolewa, kisipungue asilimia 18 ya protini, na cha watoto wa mbwa au jike anayenyonyesha asilimia 22.5. Mafuta nayo yasipungue asilimia 5.5 kwa mbwa mzima.

Hiyo protini tutaitoa wapi? Hapa mkulima wa pwani ya Lindi ana bahati. Ana dagaa, na ana ufuta.

Dagaa wakavu, wakiwa safi, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na mifupa yao midogo ina chokaa ya kujenga mifupa ya mbwa. Lakini dagaa wa kulisha mifugo aghalabu ni wale walioanikwa chini mchangani, na mchanga unapimwa kwenye mizani pamoja na dagaa. Unalipia ufuko wa bahari! Kabla hujanunua, chukua ukufi mmoja, utie katika kopo la maji, ukoroge, usubiri kidogo. Kinachozama chini kabisa na kukwaruza kidole ni mchanga. Ukiona umejaa chini ya kopo, mwambie muuzaji apunguze bei au nenda kwa mwingine. Kisha onja kwa ncha ya ulimi. Samaki waliokolezwa chumvi kama ng'onda hawamfai mbwa mpaka walowekwe na maji yamwagwe. Na nusa pia. Dagaa mzuri ananuka samaki. Akinuka mafuta yaliyochacha, mwache.

Nikiwa bado kwenye habari za samaki: bunju asikaribie chombo cha mbwa hata siku moja. Wavuvi humtupa ufukoni, mbwa anayezurura humwokota, na mara nyingi haamki tena.

Mashudu ya ufuta yana protini karibu asilimia 40 na bado yana mafuta kidogo. Mashudu ya nazi yana kama asilimia 20, tena yana nyuzi nyingi, kwa hiyo yatumieni kidogo tu. Yote mawili yanunuliwe mapya, maana mafuta yaliyobaki ndani huchacha upesi katika joto letu. Pumba nazo zipimwe kwa maji kama dagaa. Pumba zilizochanganywa na maganda zitaelea nyepesi kama maranda, na za mchanga zitazama. Ukizifumbata mkononi zikabaki bonge, zina unyevu. Usizinunue.

Sasa, mkulima mwenye kalamu aandike. Unga wa mahindi usiokobolewa au wa mtama, kilo 6. Dagaa wakavu waliochekechwa mchanga na kutwangwa, kilo 2 na nusu. Mashudu ya ufuta, kilo 1. Jumla ni kilo 9 na nusu, na protini yake inafika kama asilimia 24. Mbwa mzima inamtosha, na jike mwenye watoto pia. Mchanganyiko huu ukae mkavu, na kila siku upike kiasi cha siku hiyo, kama uji mzito au ugali laini, kwa sababu mbwa hasagi vizuri nafaka mbichi. Ukishapoa, tia kijiko cha mafuta ya kula. Mboga kama mchicha au majani ya maboga yaliyochemshwa si mabaya, lakini kitunguu kisitiwe, kwani huharibu damu ya mbwa. Hali kadhalika mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo.

Mwenye muhogo mwingi anaweza kubadili kilo 2 za unga ziwe makopa, lakini aongeze dagaa kidogo kufidia. Muhogo mchungu usimpe mbwa kabla haujalowekwa na kukaushwa kama tunavyoufanya kwa chakula chetu wenyewe.

Kiasi gani? Mbwa wetu wa kawaida mwenye kilo 15 anahitaji kama gramu 300 za mchanganyiko mkavu kwa siku, nyingi zikitolewa asubuhi baada ya kesha. Jioni mpe kidogo, maana mbwa aliyeshiba sana husinzia, na nguruwe hawasinzii. Watoto wa mbwa wapewe mara 3 au 4 kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote.

Wengine mtasema, ya nini kutwanga, siku hizi chakula cha mifuko kipo madukani. Ni kweli, na mwenye uwezo anunue. Lakini asome nyuma ya mfuko, si mbele. Vitu vilivyomo aghalabu huandikwa kwa mpango wa uzito: kilichotiwa kwa wingi ndicho cha kwanza. Ukiona cha kwanza ni unga wa samaki au unga wa nyama, vizuri. Ukiona “kuku” ni wa kwanza, kumbuka kuku mbichi ni maji kwa karibu theluthi mbili au zaidi, na yakikaushwa hayo anashuka daraja. Kuna na ujanja mwingine. Mahindi hukatwa majina matatu, “unga wa mahindi”, “pumba za mahindi”, “kiini cha mahindi”, ili kila jina lionekane dogo. Yajumlishe, utaona mfuko ni wa mahindi.

Kisha linganisha bei kwa protini, si kwa kilo. Tuseme kuna mifuko miwili ya kilo 10. Mmoja una asilimia 18, yaani kilo 1.8 za protini. Wa pili una asilimia 26, yaani kilo 2.6. Wa pili ukizidi bei kwa theluthi moja bado ni rahisi kuliko wa kwanza. Ukizidi kwa nusu, umeshakuwa ghali kidogo.

Hata hivyo namba peke yake isikulevye. Protini kiwandani hupimwa kwa kuhesabu naitrojeni, na naitrojeni inapatikana hata katika vitu visivyo chakula. Mwaka 2007 iligundulika kwamba unga wa ngano kutoka China uliotiwa katika chakula cha mbwa na paka huko Marekani ulichanganywa dawa ya plastiki iitwayo melamini ili namba ya protini ipande. Wanyama wengi wakafa kwa figo. Kwa hiyo soma namba, lakini soma pia imetokana na nini.

Angalia na tarehe ya mwisho. Mfuko uliofunguliwa na kupimwa rejareja wiki kadhaa katika hewa ya bahari usiununue, hata kama ni wa bei ya chini.

Nyumbani, chakula kikae katika debe lenye mfuniko, juu ya kichanja, mbali na ukuta na mbali na paa linalovuja. Wakati wa masika changanya cha wiki mbili tu. Ikitokea mbwa amekataa chakula ghafla, usimlazimishe. Mbwa wa yule mzee walikataa kwanza, naye akawatilia mchuzi ili wale. Ondoa chakula hicho siku hiyo hiyo, tazama fizi zake, na ukiona umanjano mwite bwana mifugo wa kata. Siku akija, mwulize pia habari za chanjo ya kichaa cha mbwa.

Yule mzee wa Nangurukuru sasa ana jike mmoja mweusi. Debe la chakula chake liko juu ya kichanja, na paa limeezekwa upya kwa makuti.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuanika ufuta bila kuuweka mchangani. Kwaherini.