Nyonga bandia: kigoda na mbuzi ya nazi vikae mbali kwanza

FAMILIA inayomrudisha mgonjwa Mbagala au Bunju baada ya kuwekewa nyonga bandia huwaza zaidi kidonda na dawa. Kuna jambo jingine la kuangalia kabla hajafika nyumbani, nalo ni vitu vya kukalia.

Nyonga bandia ni mpira mgumu uliofungwa juu ya mfupa wa paja, unaozunguka ndani ya kikombe kilichopandikizwa kwenye mfupa wa nyonga. Mpira ukitoka kikombeni, nyonga imechomoka. Hatari ni kubwa zaidi miezi mitatu ya kwanza, nyama zilizokatwa zikiwa bado hazijashika.

Sehemu ya hatari hiyo iko mikononi mwa daktari. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichunguza nyonga 300. Pale kikombe kilipolazwa kwa nyuzi 30 hadi 50 na kuelekezwa mbele kwa nyuzi 5 hadi 25, zilichomoka asilimia 1.5. Nje ya vipimo hivyo, asilimia 6.1. Lakini Mayo Clinic ilipochunguza miaka mingi baadaye nyonga 206 zilizochomoka, zaidi ya nusu zilikuwa na vikombe vilivyokaa ndani ya vipimo hivyo hivyo. Kwa hiyo picha nzuri ya eksirei haitoshi.

Na hapo nyumba zetu za uswahilini zina mtihani. Mbuzi ya nazi, kigoda cha jikoni, mkeka, choo cha kuchuchumaa, vyote hupandisha goti juu ya nyonga. Kwa aliyepasuliwa kwa nyuma, mkao huo, hasa goti likigeukia ndani, ndio unaosukuma mpira nje. Aliyepasuliwa kwa mbele ana makatazo tofauti, hivyo muulizeni daktari.

Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti kirefu, imara, chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo la choo. Anayeswali aswali akiwa kitini. Usiku awekewe mto katikati ya miguu.

Si suala la bibi na babu tu. Seli mundu huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, na kijana akajikuta na nyonga bandia mapema. Huyu ndiye wa kuchungwa zaidi, maana akipata nafuu kidogo tu atainama kufunga viatu.

Mguu ukifupika ghafla, ukageuka na kuuma sana, usivutwe wala kukandwa. Mgonjwa asipewe chakula, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi ili nyonga irudishwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa amelala.