Waamuzi tisa wa Kinshasa, nani anawaweka?

Wiki hii, wakati wa kubadilisha zamu, kamaradi mmoja alituuliza: "Bale bajuje ya Mahakama ya Katiba, njo nani anabawekaka?"

Sisi wa sendika tunachaguliwa. Delege akiharibu, wafanyakazi wanamutosha. Waamuzi 9 wa Mahakama ya Katiba hawapiti njia ile. Katiba ya 2006, kifungu 158, inasema Rais njo anawataja wote: 3 kwa uamuzi wake mwenyewe, 3 wanaoletwa na wabunge na maseneta pamoja, 3 na Baraza Kuu la Mahakimu. Wanakaa miaka 9, mara moja tu.

Inatuhusu nini sisi wa mgodini? Tukumbuke 2015. Katanga ilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Katiba inasema gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Uchaguzi ule ulichelewa, CENI ikaenda kuuliza Mahakama. Tarehe 8 Septemba Mahakama haikujibu paka lile swali. Iliagiza serikali ichukue mipango ya muda, haraka. Mwisho wa Oktoba Rais akataja makamishna maalum. Kamishna maalum! Tafuteni neno lile katika Katiba, hamtaliona. Karibu miezi mitano, fasi shaba na kobalti vinatoka, waliotutawala hakuna mtu aliyewapigia kura. Na kwa Lualaba, kamishna yule yule njo alichaguliwa gavana Machi 2016.

Hatusemi waamuzi walikuwa na roho mbaya. Jimbo bila mtu wa kuweka saini ni hatari pia. Lakini muamuzi akijaza fasi Katiba ilinyamaza, kumbe anatunga sheria, na mtunga sheria tunataka kumujua mbele hajaapa.

Julai 2020 Rais alitaja 3 wapya. Wawili waliotolewa kupelekwa Mahakama ya Kasasyo walikataa, na siku ya kiapo, Oktoba, wakubwa wa Bunge na Seneti hawakuenda. Sisi tulisikia yote kwa redio, majina yamekwisha kupangwa.

Hatuombi kuwapigia kura waamuzi. Muamuzi anayetafuta kura atatuogopa sisi pahali pa kuogopa sheria. Tunaomba majina yatoke mapema, watu waulizwe mbele ya wote. Kwa wale 3 wa Bunge, wabunge wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaweza kudai vile bila kugusa Katiba. Wakirudi huku kwa likizo, tutawangojea na swali lile la kamaradi.