Kompyuta ikizima yenyewe, uliza saa kwanza

Ukiendesha saiba Kakuma, hii unaijua: mteja yuko katikati ya kujaza fomu ya HELB, mara mashine, pyuu, imezima! Fundi anasema ni virusi, anaweka Windows upya, anakula pesa. Wiki ijayo, shida ni ile ile.

Kabla hujaibeba hadi Lodwar, kilomita 120 hivi za nauli, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, ufungue Windows Logs kisha System. Humo kompyuta huandika yaliyoipata, pamoja na saa. Tafuta nambari 41: iliwaka upya bila kuzimwa vizuri. Chanzo haisemi, kwa hivyo linganisha saa. Ni wakati ule stima ilipotea au jenereta ilipobadilishwa? Tafuta UPS. Ni saa nane mchana kila siku, joto likipita nyuzi 35? Safisha feni, vumbi la Turkana halina adabu.

Lakini ukiona nambari 7 kutoka disk, achana na feni. Diski ina sehemu mbovu. Nakili faili za wateja leo, hata kabla ya kumpigia fundi.